Mavazi ya Asili Kabisa

Sentensi iliyonitoa nyumbani Mbinga niliisoma kwenye simu nikiwa nimekaa ukingoni mwa kichanja cha kuanikia kahawa, mahali ambapo mama amenikataza kukaa tangu nikiwa mdogo. Ilisema: "Karibu katika nchi ambako urithi wa kale hukutana na maisha ya mji wa kisasa." Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mwanamke mwenye ofisi ndogo ya utalii huko Dar es Salaam, ambaye kwa majuma kadhaa nilikuwa nikimwita bosi ingawa hakuwa ameniajiri.

"Mdogo wangu," alisema, honi zikilia nyuma yake, "hiyo ndiyo sentensi ya kipeperushi chetu cha kusini. Nataka picha moja tu. Moja! Inayoonyesha hayo mambo mawili yanakutana. Ijumaa mchana kinakwenda kuchapwa. Ukinipa picha, kazi ni yako, unakuwa mtu wetu wa huko Ruvuma. Usiponipa, basi, tutaendelea kuombeana heri."

Kuombewa heri nilikuwa nimeombewa vya kutosha. Tangu nirudi kutoka chuo, mama alikuwa amenipeleka kwenye jumuiya ndogo ndogo ya mtaa wetu kama nia maalumu ya sala. Kila wiki, baada ya kuwaombea wagonjwa na kabla ya kuombea mvua, akina mama waliniombea ajira. Mwishowe wakazoea. Wiki moja nilikosa kwenda kwa sababu ya mafua. Wakanihamishia kwa wagonjwa, na wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka kunirudisha.

Mtu mwingine angechukua simu akatoka kwenda kupiga picha. Mimi nilibaki na sentensi. Hukutana. Kitenzi hiki kinataka pande mbili, na kila upande uwe umetoka mahali. Urithi wa kale ulikuwa unatoka wapi? Na mji wa kisasa, kama ndio Mbinga, ulikuwa umefika wapi? Tena ni hu- ya mazoea: si kwamba vilikutana mara moja vikaachana, ni kwamba hukutana kila mara, pengine kila siku ya soko. Na vikikutana, nani anamwamkia mwenzake? Ni wazi kwamba kisasa ndicho kinachopaswa kusema shikamoo. Lakini kale kikiwa hakisikii vizuri, je? Nilikaa na jambo hilo mpaka mama akatoka na ungo kiunoni.

"Baba, hiyo kahawa ikikauka na umbo la makalio yako, nani atainunua?"

Nikaondoka.

Karibu na mzunguko wa barabara mjini niliona picha yangu ikija yenyewe. Ilikuwa ni shangazi mmoja wa mtaani kwetu, jembe begani, simu sikioni, pembeni yake benki yenye vioo. Sikutaka kumpiga picha kwa wizi. Chuoni tulifundishwa kuomba ridhaa. Nikamsimamisha, nikamwamkia, nikaomba ridhaa. Alifurahi kupita kiasi.

"Ngoja basi nikabadilishe," akasema.

Nilimsubiri pale kwa muda mrefu, nikitazamana na mlinzi wa benki. Aliporudi alikuwa amevaa suti ya kitenge yenye mabega ya kupandisha na nywele za bandia. Jembe halikuwapo.

"Shangazi, jembe liko wapi?"

"Jembe la nini kwenye picha? Unataka watu wa Dar waseme huku tunalima?"

Nilimpiga picha hiyo kwa heshima, kisha nikapanda mlimani. Huko, kwenye mteremko unaotazama mji, kuna mashamba ya ngoro: mashimo ya mraba yamepangwa kama sega la nyuki, nyasi zimefukiwa kwenye matuta yanayozunguka kila shimo, na mvua ikinyesha udongo hauendi popote. Babu zetu Wamatengo ndivyo walivyolima kwenye miteremko ambako hata mbuzi hufikiri kabla ya kusimama. Na juu kabisa ya shamba hilo kulikuwa na mnara wa simu. Kale chini, kisasa juu. Nilipiga, nikatuma, nikaketi kwenye tuta nikingoja kuajiriwa.

"Mbona umenitumia mashimo?" bosi akauliza.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri sana, ujumbe wa sauti mrefu, wenye utangulizi.

"Mdogo wangu, mgeni akiona hivyo atafikiri atadumbukia. Hamna ngoma huko? Watu wenye asili yao, wanaruka, vumbi linatimka?"

Ngoma ilinipeleka sokoni, kwa mama mmoja anayepanda kutoka ziwani kuuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Yeye na mama yangu wamejuana miaka mingi, kwa kiasi kwamba wanaweza kugombana kuhusu kipimo cha kopo bila kukatisha hadithi ya harusi waliyokuwa wakisimuliana. Nikamuuliza kama kijijini kwao kuna ngoma.

"Mganda upo," akasema. "Mume wangu ndiye mfalme."

Alilisema kama mtu anavyosema mume wangu ni seremala.

"Mfalme wa nini, mama?"

"Wa mganda. Siku za kawaida anatengeneza baiskeli. Kesho narudi, twende wote, ukalale kwetu."

Jumatano nikateremka naye. Ile barabara ya lami kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay inajikunja mlimani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani na anarudi, anakumbuka kingine, anageuka tena. Kwenye kona moja ziwa likajitokeza chini, pana, limenyamaza. Mimi nilikuwa nimevaa jaketi la baridi ya Mbinga, na kadiri tulivyoshuka nilikuwa nikijiuliza ni kona ipi hasa inayofaa kulivua bila kuonekana mtu aliyekosea tangu mwanzo. Nilifika Mbamba Bay nalo, nikapanda pikipiki nalo, nikaingia kijijini, njia ya kuelekea Liuli, nikiwa nimelowa jasho kama niliyevuliwa ziwani.

Mfalme nilimkuta amelala chali chini ya baiskeli.

"Shikamoo, mfalme," nikasema, kwa sababu mkewe aliniambia nisimwite vingine.

"Marahaba. Shika hapo."

Nikashika gurudumu. Akakaza nati, akatoka chini, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye jaketi.

"Huyu ndiye wa Mbinga? Mama watoto, mbona hukusema ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa, ni msomi," mkewe akajibu. "Hana kazi. Akipata picha ya ngoma anaajiriwa. Asipopata, mama yake ataniuliza mimi."

Hivyo ndivyo shida yangu ilivyotangazwa pale, na kabla ya ugali wa muhogo kuiva, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba wamepokea kijana ambaye ajira yake inategemea wao kuruka.

Mganda, kwa asiyeujua, ulianza zamani za vita vya wazungu. Babu za wale wazee waliona askari wakipiga kwata, wengine wakabebeshwa mizigo nyuma yao, na waliporudi nyumbani walikuja na kwata ile wakaitia ngoma. Hakuna tarumbeta: wanapuliza vibuyu vilivyozibwa kwa utando wa buibui, na sauti inayotoka ni kama ya tarumbeta yenye mafua. Na kwa sababu jeshi halikosi vyeo, mganda nao una mfalme, una kapteni, una sajenti, una hata daktari wa kuwaangalia wachezaji wanaochoka. Vyeo hivyo si vya mchezo. Kapteni akipita, mvuvi aliyemzidi umri husimama.

Saa kumi jioni walijipanga uwanjani. Nilitarajia vumbi. Niliona wanaume watu wazima wenye mashati meupe yaliyopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, tai, kaptula nyeupe na soksi ndefu zilizofika magotini. Sajenti, mvuvi mwenye mabega mapana, alipita mstari mzima akikagua kucha.

"Leso!" akaamuru.

Leso zikatoka mifukoni kwa pamoja. Mchezaji mmoja hakuwa nayo. Akatolewa mstarini, akaenda kukaa chini ya paa la duka kwa uso wa mtu aliyefiwa. Kisha Sajenti akanigeukia.

"Na wewe. Kucha."

Nikanyoosha mikono. Akaitazama kwa huruma.

"Msomi, unatembea na shamba zima."

Walicheza. Sitasahau: mguu mbele, mguu nyuma, mgongo wima, nyuso zimekaza kama wanapokea mshahara, na vile vibuyu vikilia. Nilipiga picha nyingi, nikachagua moja ambamo Mfalme ameinua mguu na nyuma yake ziwa linang'aa. Nikamtumia bosi.

Jibu lilikuja haraka. "Hawa ni wahudumu wa hoteli gani?"

"Ni ngoma ya kale, bosi. Mganda."

"Mdogo wangu, hapo mimi naona kisasa na kisasa. Kale iko wapi? Waambie wavae mavazi ya asili."

Sasa, nilijua anamaanisha nini. Lakini kujua ni jambo moja na kumwambia mfalme ni jingine, na mimi katika jambo gumu hupenda kujificha nyuma ya maneno ya mtu mwingine kama yalivyo. Nikaenda pale walipokuwa wakikunja soksi, nikasema, "Wazee wangu, bosi anashukuru. Anaomba kesho mvae mavazi ya asili."

Mfalme aliacha soksi.

"Ya asili?"

"Ya asili kabisa," nikasema, nikitaka limalizike.

"Kapteni! Umesikia? Dar wanataka asili kabisa!"

Kapteni alikuwa mzee mwembamba aliyeachana na ualimu kwa kustaafu tu, si kwa moyo. Alivua kofia yake, akaiweka kifuani. "Nilijua iko siku," akasema.

Nilimwona Daktari akimkumbatia mtu. Yule wa leso alirudishwa mstarini kwa msamaha wa jumla. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha yenye wasiwasi, furaha ya aina ninayoijua vizuri.

Alhamisi jioni walitoka kwenye nyumba zao wakiwa wamevaa asili kabisa.

Masanduku yalikuwa yamefunguliwa ambayo hayakuwa yamefunguliwa tangu ujana wao. Kulikuwa na makoti marefu meusi yenye harufu ya dawa ya mende. Kulikuwa na vizibao. Mfalme alikuwa na kofia ngumu ya mzungu wa zamani, nyeupe, yenye ukanda wa kidevuni. Kapteni alivaa miwani isiyo na vioo, na mdomoni alikuwa na kiko kisicho na tumbaku. Daktari alikuwa na koti jeupe na kipimo cha kusikilizia moyo kilichotengenezwa kwa mpira wa baiskeli. Akanipima, akatikisa kichwa, akaenda zake bila kunipa majibu. Joto lilikuwa la kuchemsha usipa ndani ya maji, na hakuna aliyefungua hata kifungo.

"Babu yangu mwenyewe," Mfalme akaniambia, akinionyesha ukosi, "ndiye aliyevaa koti hili siku mganda ulipochezwa hapa kwa mara ya kwanza. Sisi tulilegeza mambo kwa sababu ya joto. Tukaingia kwenye kaptula. Watoto wa siku hizi wanafikiri kaptula ndiyo asili."

"Aibu," akasema Kapteni.

Nilipiga picha. Kisha niliomba, nikitumia sala ileile ya akina mama wa jumuiya, kwamba bosi aone nilichokiona.

"UMENIPIGIA MKUTANO WA BODI," bosi akaandika. Kisha akatuma sauti. "Nimesema asili! A-si-li! Ngozi! Manyoya! Mtu hata mmoja mwenye ngozi jamani! Kesho mchana kinachapwa. Kama huwezi, niambie niweke picha ya twiga."

Usiku ule sikufanya lolote la maana ila kulifikiria neno. Kwenye utafiti wangu wa mwisho wa chuo nililitumia karibu kila ukurasa: mavazi ya asili, chakula cha asili, jamii za asili. Msimamizi wangu alilipigia tiki kila mahali. Hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza asili inaanzia wapi, na kama inaruhusiwa kuwa na vifungo.

Ijumaa asubuhi nikawakuta kwa Mfalme, wamekaa kwenye magogo wakinywa chai, wakisubiri kusikia jinsi Dar ilivyopokea makoti. Nilizunguka sana. Nilianza na historia ya upigaji picha. Mkewe akanikata.

"Kijana, sema. Umepata kazi hukupata?"

"Sijapata. Anataka ngozi."

"Ngozi ya nini?" akauliza Mfalme.

"Ya kuvaa."

"Nani avae?"

"Ninyi."

Mfalme aliweka kikombe chini. Kapteni ndiye aliyejibu.

"Kijana," akasema taratibu, "babu yangu alikuwa na soksi."

"Najua, mzee."

"Hujui. Babu yangu alikuwa na soksi wakati babu yako huko milimani anajificha mapangoni. Kama kuna mtu wa ngozi kati yetu hapa, ni nani? Sisi watu wa maji, tunafua!"

Wakacheka wote, na Sajenti akapiga goti lake. "Wamatengo hao! Wanachimba shimo, wanapanda hindi, wanalala humo humo!"

"Mcheke tu," mkewe Mfalme akasema. "Mtoto wa watu akikosa kazi, mama yake mimi nitamtazamaje sokoni? Nyie mtakuja kuuza usipa?"

Hilo liliwatuliza, kwa sababu hakuna mmoja wao aliyetaka kupanda Mbinga kuuza usipa. Wakaanza kujadiliana kwa utaratibu, Kapteni akiwapa nafasi ya kusema mmoja mmoja. Ikaonekana kwamba ngozi yenyewe ipo: ya mbuzi, imewambwa nyuma ya nyumba ikauke ili wabadilishe ngoma kubwa iliyopasuka. Ikaonekana pia kwamba picha inahitaji mtu mmoja tu wa ngozi. Bosi mwenyewe alisema hata mmoja. Tatizo likabaki nani.

"Mwenye cheo havai ngozi," Kapteni akaamua. "Hilo halina mjadala."

"Basi avae asiye na cheo," akasema Daktari.

"Nani hapa hana cheo?"

Waliangaliana. Yule wa leso akasema haraka kwamba yeye ni koplo. Kisha, polepole, kama abiria wanaogeukia mtu aliyekanyaga kuku, wote wakanitazama mimi.

"Mimi nina shahada," nikasema.

"Ya nini?"

"Ya urithi."

"Basi ni haki yako," Mfalme akasema, akainuka kwenda kuileta.

Nilitafuta hoja. Nilizipata nyingi, na kila moja ilikuwa na jibu lake ndani. Nikikataa, picha hakuna. Picha isipokuwapo, kazi hakuna. Kazi isipokuwapo, narudi kwa wagonjwa wa jumuiya. Wao wakaenda kuvaa makoti yao ya jana, mimi nikaivaa ngozi juu ya kaptula yangu. Ilikuwa haijakauka vizuri. Ilikuwa ngumu upande mmoja na laini upande mwingine, na ilikuwa na harufu ya mbuzi ambaye bado ana la kusema. Mkewe Mfalme alinifunga kwa kamba ya wavu begani, akarudi nyuma kutazama.

"Miwani," akasema.

"Bila miwani sioni, mama."

"Wa kale walikuwa na miwani?"

Daktari akaichukua, akaiweka mfukoni mwa koti lake jeupe. Dunia ikawa ukungu. Nikasikia filimbi ya Sajenti, nikasikia ngoma ndogo, vibuyu vikaanza kulia pande zote, na makoti meusi yakapita mbele yangu na nyuma yangu kama makabati yanayohamishwa. Sikujua nitazame wapi. Sajenti, ambaye wajukuu wake walimfundisha simu, ndiye aliyeshika ya kwangu.

"Msomi, usitabasamu!"

"Sitabasamu, mzee!"

"Basi kaa hivyo hivyo! Fikiria!"

Hilo nililiweza.

Nikamwelekeza Sajenti, akaituma picha. Bosi hakuandika. Alipiga, na mimi nikiwa bado na ngozi nikapokea kwa kuogopa, wazee wote wamenizunguka, jasho likiwatoka chini ya kofia.

"Mdogo wangu!" alikuwa anapiga kelele. "Huyo! Huyo wa ngozi! Umempata wapi? Uso ule una huzuni ya miaka elfu! Na hao mabwana wa makoti wanampita kama hawamwoni, yaani mji wa kisasa huo, umekutana naye na haumjali! Nimetokwa na machozi. Kazi ni yako. Halafu sikiliza, mwezi ujao tuna banda kwenye maonyesho hapa Dar, namtaka yule mtu asimame mlangoni. Mlete. Mwambie asikate nywele."

Nilifunika simu kwa kiganja nikawaeleza wazee.

"Kumbe umepata kazi mbili," akasema Mfalme.

"Siwezi kujileta mwenyewe, mzee. Nikijileta, nani atakuwa amenileta?"

"Hapo pana jambo," Kapteni akakubali.

"Mwambie yule kafa," Sajenti akashauri.

"Asubuhi hii?"

"Watu hufa asubuhi."

Sauti ya bosi ilikuwa inasema halo, halo chini ya kiganja changu. Nilifikiria kifo cha yule mtu, mazishi yake, rambirambi ambazo bosi angetaka kutuma na kwa namba ya nani. Nikaona kusema kweli kuna kazi ndogo zaidi.

"Bosi," nikasema, "yule wa ngozi ni mimi."

Akanitaka nirudie, nikarudia. Kisha akacheka. Alicheka akaita watu ofisini, nao wakacheka, na nikawa nimesimama pale nimevaa mbuzi nikisikiliza ofisi yangu mpya ikinicheka.

"Sawa," akasema hatimaye, akivuta pua. "Banda la maonyesho tusahau. Ila hilo libaki kati yetu. Niandikie maneno ya chini ya picha, sasa hivi, wanasubiri. Andika: Mwenyeji wa pwani ya Ziwa Nyasa katika mavazi ya asili."

Akakata. Daktari akanirudishia miwani. Nikaketi kwenye gogo na simu magotini, nikaanza kuandika, na neno la kwanza tu likanishinda. Mwenyeji. Mimi nilikuwa mgeni pale, nililala kwenye mkeka wa watu, nilikula muhogo wa watu. Katika mavazi ya asili. Kwetu hakuna aliyewahi kuniona na ngozi, na ngozi yenyewe ilikuwa ya ngoma. Sentensi fupi namna ile, na kila neno lilikuwa linamsingizia mtu. Lakini kazi ilikuwa bado haijakauka. Nikimbishia bosi kabla sijaanza, twiga yupo tayari.

Mfalme alikuja akasimama nyuma yangu. Alinukia dawa ya mende na jasho la heshima.

"Umeandika asili?" akauliza.

"Ndiyo nataka kuandika."

"Andika vizuri. Babu asome."

Nikafuta. Nikaandika: "Mfalme, Kapteni, Daktari na wachezaji wa mganda, pwani ya Ziwa Nyasa, katika mavazi yao ya asili. Katikati ni mgeni kutoka Mbinga." Nikabonyeza kutuma kabla sijaisoma tena, kwa sababu ningeisoma tena nisingeituma. Kisha nikashika kichwa. Sajenti alinikagua kucha nikiwa katika hali hiyo, akasema zimeanza kuwa afadhali.

Bosi alijibu kwa kidole gumba. Kidole kimoja, bila neno. Nilikitazama mchana kutwa nikijiuliza kama ni kidole cha ndiyo, cha nimeona, au cha tutaongea. Jioni ikaja picha ya kipeperushi kikiwa kimechapwa, na maneno yangu chini yake, yote. Hakuwa ameyasoma. Au aliyasoma. Hadi leo, nikiwa mtu wao wa huku Ruvuma, sijathubutu kumuuliza.

Wageni wangu wa kwanza walikuwa mtu na mkewe kutoka Dar es Salaam. Niliwapokea stendi ya Mbinga nikiwa na shati la pasi, tai na leso mfukoni. Mume alikuwa na kipeperushi mkononi; akakitazama, akanitazama mimi, akakitazama tena, nami nikajifanya nafunga begi lao.

"Kaka," akasema, "huyu mgeni kutoka Mbinga bado yuko huko ziwani? Tungependa kumwona."

"Alisharudi kwao," nikasema.

"Masikini," akasema mkewe, akichungulia picha juu ya bega la mumewe. "Lakini huko kwao si ndipo hapa?"

Nikawafungulia mlango wa gari, nikaanza kuwaeleza kuhusu kona za barabara.